Cheche za Alfajiri: Kuvichunguza Vikombe vya Umeme Vilivyoshika Chumvi

Mhadhara wa wazi kwa mafundi, wanafunzi na wakazi wa Tanga



Kuna lalamiko ambalo kila fundi wa umeme wa pwani amelisikia mpaka amelizoea: "Mvua yenyewe manyunyu tu, umeme tayari umekatika. Ikija mvua kubwa itakuwaje?" Anayesema hivyo anadhani manyunyu, kwa kuwa ni mvua ndogo, yangeleta shida ndogo. Kwenye laini za msongo mkubwa zilizo karibu na bahari mambo huenda kinyume. Mvua kubwa ya Masika inaviosha vikombe na kuondoka na chumvi, na ikishanyesha siku mbili tatu laini hutulia. Kinachotuangusha ni manyunyu ya kwanza baada ya Kaskazi, au umande wa alfajiri, au ukungu usiodondosha hata tone. Sisemi kwamba kila umeme unapokatika sababu ni hii. Matawi ya miti, nyaya zilizolegea na transfoma zilizozidiwa zina sehemu yao kubwa. Lakini hii moja ina sifa ya pekee: inapiga hodi kabla ya kuingia, na mara nyingi hodi hiyo inabishwa saa ambayo hakuna wa kuitikia.

Kikombe, kwa ambao hawajawahi kukishika, ni kile kipande cha kauri, kioo au mpira wa silikoni kinachoning'iniza waya kwenye mnara au kuukalisha juu ya nguzo. Kinafanya kazi mbili kwa mpigo: kinabeba uzito wa waya, na kinazuia umeme usipite kwenda kwenye chuma cha mnara na kutoka hapo ardhini. Kauri safi na kavu inaifanya kazi hiyo bila matata. Mkondo unaopenya juu yake hupimwa kwa maikroampia. Mashaka yote yako kwenye ngozi yake ya nje.

Kaskazi inavuma kutoka baharini kati ya Desemba na Machi, ikibeba vitone vya maji ya mawimbi. Maji yanakaukia njiani, chumvi inafika na kunata. Ongeza vumbi la barabara. Ongeza saruji kwa laini zilizo jirani na viwanda, kama huku kwetu Pongwe au Wazo kule Dar es Salaam. Saruji ina ubaya wake wa peke yake, maana ikipata umande inaganda, na hata Masika haiitoi. Chumvi kavu, kwa upande wake, haina neno. Jua likiwa kali kikombe kinaweza kuwa cheupe kwa chumvi na laini isitetereke. Chumvi ikipata unyevu ndipo inapoyeyuka ikawa maji yanayopitisha umeme.

Ni chumvi kiasi gani? Hupimwa kwa miligramu kwa kila sentimita ya mraba ya ngozi ya kikombe, na miligramu 0.1 tu tayari ni uchafu wa kutia wasiwasi. Diski ya kauri ya kawaida, yaani kikombe kimoja cha mnyororo unaoning'iniza waya, yenye kipenyo cha milimita 255 hivi, ina ngozi ya takriban sentimita za mraba 1,600 ukijumlisha juu na chini. Pigeni hesabu: miligramu 160. Kijiko kimoja cha chai kina gramu 5 hivi za chumvi, na hizo zinatosha kuchafua diski 30. Mnyororo wa diski 10 kwenye laini ya kilovolti 132 unaweza kuangushwa na chumvi ambayo mpishi angeiona haitoshi sufuria ya maharage.

Sasa tuangalie kwa karibu. Saa kumi na moja alfajiri, umande umetua. Tabaka la chumvi limelowa, na mkondo umeanza kuvuja juu ya ngozi ya kikombe, kwanza miliampia moja mbili, kisha kumi na zaidi. Mkondo unatoa joto na joto linakausha maji, ila halikaushi sawasawa. Linaanzia pale kikombe kilipo chembamba, karibu na kipini cha chuma, kwa sababu hapo mkondo wote umebanwa katika eneo dogo. Unatokea ukanda mkavu, pete ya upana wa sentimita moja au mbili inayokizunguka kikombe. Ukanda ule haupitishi. Msongo, ambao dakika chache nyuma ulikuwa umegawanyika juu ya kikombe kizima, sasa karibu wote umeiangukia pete hiyo. Kwenye laini ya kilovolti 33, waya mmoja una kilovolti 19 dhidi ya ardhi, na hewa iliyo juu ya pete nyembamba namna hiyo haistahimili mzigo huo. Inapasuka, na cheche inauruka ukanda.

Umeme wetu wa hezi 50 hupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, na kila mara cheche huzimika na kuwaka upya. Ndiyo sababu ukisimama chini ya nguzo saa hiyo unasikia mkwaruzo mfululizo. Mara nyingi mambo huishia hapo. Cheche inakausha kingo za ukanda, ukanda unapanuka, cheche inashindwa kufika ng'ambo, kimya kinarudi. Umande unalowesha tena, na mchezo unaanza upya. Unaweza kuendelea hivyo hadi jua linachomoza bila taa ya nyumba yoyote kupepesa. Lakini chumvi ikiwa nyingi na unyevu ukizidi, ulimi wa moto haukatiki. Unatambaa juu ya maji, unajirefusha, na ukishavuka zaidi ya nusu ya njia hauna tena wa kuuzuia. Umeme unaruka kikombe kizima, breka za kituo cha kupoza umeme zinafunguka, na mtaa unaingia gizani.

Mjerumani Fritz Obenaus ndiye aliyeuweka mwenendo huu kwenye hesabu mwaka 1958, akichukua ulimi wa moto na tabaka la maji kama vitu viwili vilivyofungwa kwa mfuatano, kila kimoja na ukinzani wake. Hesabu hiyo imerekebishwa mara nyingi, na hadi leo wanaoandika juu ya jambo hili wanaanzia kwake.

Kinga ya kwanza ya mhandisi ni urefu. Yale mapindo mnayoyaona chini ya diski hayakuwekwa kwa urembo. Yanairefusha njia ambayo mkondo lazima uitambae. Kanuni ya kimataifa, IEC 60815, katika toleo lake la 1986 ilitaka milimita 16 za njia kwa kila kilovolti mahali penye uchafu mdogo, na milimita 31 mahali pachafu kupindukia. Toleo la 2008 limebadilisha namna ya kuhesabu, wazo limebaki. Chukueni laini ya kilovolti 132, aina ile inayoshuka kwetu kutoka Hale. Msongo wake wa juu kabisa huhesabiwa kilovolti 145. Mahali safi inahitaji milimita 2,320 za njia, yaani diski 8 zenye njia ya milimita 292 kila moja. Ufukweni pabaya inahitaji milimita 4,495, yaani diski 16. Tofauti ni mara mbili! Mnyororo mrefu unataka mnara mkubwa zaidi, na mnara mkubwa unataka fedha. Kwa hiyo laini nyingi duniani zimejengwa mahali fulani katikati, kwa matumaini na bajeti, na kazi ya kuchunguza inaanzia hapo.

Mfano ninaopenda kuutaja uko Afrika Kusini. Kaskazini ya Cape Town, kwenye ufukwe wa Atlantiki, kuna kituo cha nyuklia cha Koeberg, na jirani yake shirika la umeme la Eskom lina uwanja wa kujaribia vikombe, mojawapo ya sehemu chafu kwa chumvi zinazojulikana katika fani hii. Vikombe vinatundikwa pale vikiwa na umeme, vinapigwa na bahari, na mikondo inayovuja inarekodiwa. Februari 2006, katikati ya kiangazi cha Cape ambacho hakina mvua, moshi na masizi ya mioto ya nyika vilikuwa vimeongezeka juu ya chumvi. Ukaja ukungu. Laini zikaanza kutoka moja baada ya nyingine. Koeberg ina mashine mbili. Moja ilikuwa imelala tangu Desemba iliyotangulia kwa sababu nyingine kabisa, na katika vurugu hizo ya pili nayo ikalazimika kuzimwa. Mji mkubwa ukakosa umeme.

Waliopatwa na hayo hawakuwa wageni wa somo hili. Uwanja wa majaribio ulikuwa mlangoni mwao. Kuelewa kwa nini vikombe huruka ni elimu moja. Kujua usiku wa leo ni mnyororo upi, kwenye mnara upi, umefika ukingoni, ni elimu nyingine. Hiyo ya pili ndiyo iliyonileta hapa.

Cheche moja ya ukanda mkavu inatoa sauti, mwanga, kelele ya redio, joto kidogo, na inaacha alama yake kwenye mkondo unaovuja. Kila kimoja kina chombo chake.

Sikio ni chombo cha kwanza, na nakitetea. Fundi mzoefu akitembea chini ya laini usiku wa unyevu anaweza kutenga nguzo inayokwaruza na nguzo iliyotulia. Kwa umbali zaidi, kuna vipokea sauti vya mkononi vinavyosikiliza karibu na kilohezi 40, juu ya uwezo wa sikio la binadamu, na kuishusha sauti hiyo mpaka isikike kwenye spika za masikioni. Vikiwa na sahani ya kukusanyia sauti, unaielekeza kwenye nguzo na kuambiwa cheche iko kwenye kikombe kipi. Havina makuu, na upepo unaweza kuvisumbua, lakini fundi wa wilaya anaweza kukabidhiwa kimoja na kukitumia bila kungoja mtaalamu kutoka makao makuu.

Redio ni ya zamani zaidi. Redio ndogo ya mawimbi ya kati ikipitishwa karibu na laini yenye cheche inakohoa. Hapa kuna ujanja ambao natamani kila mwanafunzi aondoke nao. Kelele ikiwa kubwa mchana mkavu na ikapotea mvua inapoanza, usivilaumu vikombe: tafuta boliti iliyolegea au vipande viwili vya chuma vilivyoachana kidogo, kwa sababu maji yanaiziba nafasi ile na cheche inakufa. Kelele ikizaliwa pamoja na umande na kuondoka jua likipanda, hapo umekipata kikombe chenye chumvi. Redio ni ile ile, laini ni ile ile, na jibu limetoka kwenye saa.

Kisha kuna kamera, na hapa nitawaudhi baadhi ya wenzangu. Mwanga wa cheche hewani hutoka zaidi kwenye naitrojeni, na sehemu yake kubwa iko kati ya nanomita 300 na 400, yaani urujuanimno usioonekana kwa jicho. Jua nalo linatoa miale hiyo hiyo, kwa hiyo mchana cheche inamezwa. Werevu wa kamera za kisasa ni kulitupa fungu hilo kubwa na kuangalia kati ya nanomita 240 na 280 tu. Cheche hutoa mwanga kidogo mno katika fungu hilo, ila ozoni ya angani inaunyonya wote wa jua usifike ardhini. Kwa kamera, anga la saa sita mchana ni jeusi, na cheche inang'aa peke yake. Taasisi ya utafiti ya CSIR ya Afrika Kusini, kwa kushirikiana na Eskom, ni miongoni mwa waliotangulia kuzitengeneza, na CoroCAM yao ikasambaa duniani. Ni kazi ya kujivunia barani.

Udhia wangu hauko kwenye kamera. Uko kwenye namna tunavyoitumia. Inanunuliwa kwa gharama kubwa, inapandishwa gari saa tatu asubuhi baada ya chai, inafika kwenye laini saa tano. Saa tano umande umeshakauka na ngozi ya kikombe haipitishi chochote. Kamera haioni cheche, ripoti inaandikwa "hakuna hitilafu", na wiki hiyo hiyo alfajiri laini inaruka. Chombo hakikudanganya, kiliulizwa saa ambayo kikombe hakina la kusema. Mchana mkavu kamera inaona vizuri korona, ule mng'ao wa umeme hewani, kwenye ncha za chuma na pete za chuma zilizokaa vibaya, na hiyo ni kazi halali, ila ni ugonjwa mwingine. Kuna jambo la pili pia. Idadi ya fotoni inayoandikwa kwenye kioo cha kamera hubadilika kwa umbali, kwa jinsi ulivyoiongeza nguvu, na kwa hali ya hewa. Nimeona watu wakilinganisha namba za kamera mbili tofauti na kuamua kikombe gani kibadilishwe. Huko ni kupiga ramli.

Kamera za joto sizikatai, ingawa ukanda mkavu kwenye kauri hupanda nyuzijoto chache tu na huhitaji usiku wenye unyevu kuonekana. Kwa vikombe vya silikoni vinavyooza ndani zina faida zaidi.

Chombo ninachokipa nafasi ya mbele ni kile cha kupima mkondo unaovuja, kwa sababu moja ya msingi: hakilali. Kinafungwa upande wa ardhini, baada ya diski ya mwisho na kabla ya chuma cha mnara, ambapo mkondo wote uliovuja hauna njia isipokuwa kukipitia. Na mkondo una mwandiko unaosomeka. Kikombe safi kinatoa wimbi dogo linalotangulia wimbi la msongo kwa robo mzunguko. Kikilowa na chumvi, wimbi linakua na kwenda sambamba na msongo, bado laini na la mviringo. Ukanda mkavu ukitokea, mwandiko unavunjika. Mwanzoni mwa kila nusu mzunguko mkondo unalala karibu na sifuri, kwa kuwa cheche haijawaka. Msongo ukifika pa kutosha, mkondo unaruka ghafla, kisha unaanguka tena kabla nusu mzunguko haujaisha. Mabega yale bapa ukiyaona kwenye osiloskopu huhitaji kuuliza tena. Mashine inayatambua kwa kupima sehemu ya hezi 150 iliyomo kwenye mkondo, ambayo inapanda cheche zinapoanza. Halafu inahesabu mapigo: mangapi yamepita miliampia 20, mangapi 50, mangapi 100, mangapi 250. Mapigo ya 20 ni ya kawaida kwa laini ya pwani. Yakianza kuhamia kwenye mamia, muda uliobaki ni mdogo.

Huwezi kufunga kifaa hicho kwenye kila mnara, na hakuna haja. Chumvi ya ufukwe haibagui mnara na mnara jirani. Vifaa vichache vikikaa mahali palipochaguliwa kwa akili, kimoja ufukweni, kimoja karibu na saruji, kimoja bara kwa kulinganisha, vinatoa picha ya laini nzima. Vinaendelea kuandika usiku wa sikukuu, usiku wa manane, na ile alfajiri ambayo gari halikutoka.

Niseme juu ya nguzo za miti, maana wengi wenu mnaishi chini yake. Kwenye laini za kilovolti 33 na 11 mkondo unaovuja juu ya kikombe hauishii kwenye chuma kilichofungwa ardhini. Unaingia kwenye mti. Mti uliolowa unapitisha, isipokuwa chini ya boliti na mikono ya juu ya nguzo, ambako maji hayafiki vizuri. Pale unabaki ukanda mkavu mwingine, wa mti safari hii, na cheche inaukalia. Mti unakuwa mkaa polepole, usiku baada ya usiku, hadi kichwa cha nguzo kinaungua na waya kudondoka. Kinga za kituo cha kupoza umeme hazina habari. Zimewekwa kusubiri mamia ya ampia, na makumi ya miliampia kwao ni kimya kabisa. Ukiona nguzo inafuka moshi alfajiri bila radi, toa taarifa, na usiisogelee wala kuugusa waya ulioanguka hata kama nyumba zote hazina umeme.

Najua swali linalokuja: mbona tusiweke silikoni kila mahali? Silikoni ni nzuri. Maji hayatandai juu yake, yanabaki matone matone, na cha ajabu zaidi mafuta yake mepesi hupanda na kulifunika hata vumbi lililokaa juu, nalo likaanza kuyakataa maji. Lakini cheche zikiwa za kila siku tabia hiyo inachoka, na mpira huliwa taratibu, tofauti na kauri isiyojali cheche ndogo. (Kule Australia wana mharibifu mwingine: kasuku wanautafuna.) Kwa hiyo silikoni inapunguza haja ya kuchunguza, na wakati huo huo inaifanya cheche ndogo iwe na maana kubwa zaidi, kwa kuwa sasa inakula nyama ya kikombe chenyewe.

Ninachopendekeza kwa laini zetu za pwani hakihitaji fedha nyingi. Zamu ya kuchunguza ihamishwe kutoka asubuhi ya ofisi kwenda alfajiri ya umande, kuanzia Januari hadi mvua za kwanza. Kila ripoti iandike saa na hali ya unyevu, kwa sababu ripoti isiyo na saa haisomeki. Kamera itoke wakati vipimo vya mkondo vimeshaonyesha sehemu ya laini inayohangaika, ili iende kutafuta mnyororo na isiende kutalii. Wananchi wanaosikia mkwaruzo waulizwe simuni swali moja tu: mchana mkavu, au alfajiri ya umande?

Hapo ndipo tunajua wapi pa kuosha, na kuosha kwenyewe ni kazi ya kuogopa. Laini ikioshwa ikiwa na umeme, maji lazima yawe yameondolewa chumvi na kupimwa ukinzani wake kabla ya pampu kuwashwa. Fundi anaanza na diski ya chini kabisa ya mnyororo, kisha anapanda. Akianzia juu, maji machafu yatateremkia diski ambazo bado zina chumvi yao kamili, na umeme utaruka mbele ya macho yake.